Moyo wa Twiga na Moyo wa Shangazi Yangu



  

Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Kitale, Jumamosi moja ya mwezi wa Shaaban baada ya swala ya Adhuhuri. Mara ya pili ilikuwa Bungoma, wiki iliyofuata. Kitale nilikwenda na karatasi mkononi. Bungoma nikaiacha karatasi nyumbani, kwa sababu maswali ya vijana wa Kitale yalikuwa yamenifunza niseme nini na ninyamazie nini. Ndugu wahariri wameniomba niyaandike ili nawe ambaye hukuwepo uyapate. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Ukiona nimeruka-ruka, nisamehe. Mimi ni mtu wa maabara, si mtu wa mimbari.

Nilianza kwa kuweka karai juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na moyo wa ng'ombe. Nilikuwa nimeununua asubuhi ile kwenye bucha, na mwenye bucha alitaka kujua kama nitaukaanga ama nitauchemsha. Nilipomwambia ni wa kufundishia vijana akanipunguzia bei. Akina dada waliokaa mstari wa mbele walirudi nyuma hatua mbili. Usiwacheke, maana mmoja wao ndiye aliyekuja kushika kisu baadaye, wakati wavulana wanatazamana.

Moyo wa ng'ombe unakaribia kilo 2. Ukiupasua utaona vyumba vinne. Viwili vya juu ni vidogo na kuta zake ni laini. Viwili vya chini ndivyo vyenye kazi ya kusukuma. Nilimwita kijana mmoja, fundi wa baiskeli, nikamwambia abane ukuta wa chumba cha kulia kwa vidole viwili, kisha abane wa kushoto. Akasema, "Huu wa kulia ni kama kidole changu. Huu mwingine ni kama tofali." Watu wakacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Ukuta wa kushoto ni mnene kama mara tatu ya ule wa kulia.

Sababu ni kazi. Chumba cha kulia kinapeleka damu kwenye mapafu, hapo jirani tu. Cha kushoto kinaipeleka mwili mzima, toka utosini hadi kidole cha mwisho cha mguu. Na misuli ya moyo ni kama misuli ya mkono wa mtu anayelima: ukiipa mzigo mkubwa siku baada ya siku, inatuna. Lishike neno hilo, tutalirudia.

Kisha nikatoa kipande cha waya mwembamba, nikauliza: nani atanionyesha tundu la kupitisha damu kutoka chumba hiki cha kulia kwenda kile cha kushoto? Wakajaribu, watatu, wanne. Hakuna tundu. Sasa, Galen, tabibu mkubwa wa Kiyunani, alifundisha kwamba damu inapenya kwenye ukuta huo kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Kwa miaka zaidi ya elfu moja matabibu wakamfuata, hata Ibn Sina wetu. Aliyesema hapana ni Ibn al-Nafis, mtu wa Damascus aliyefanya kazi Cairo na kufariki huko mwaka wa 1288. Yeye aliandika kwamba ukuta huo hauna njia, na kwamba damu lazima izunguke kwanza kwenye mapafu ndipo ifike upande wa kushoto. Maandishi yake yalilala kwenye maktaba hadi mwaka wa 1924, daktari kijana wa Misri alipoyakuta Berlin.

Sisi tunapenda sana kulitaja jina la Ibn al-Nafis kwenye mihadhara. Tunalitaja kama mtu anayetaja babu yake tajiri, huku yeye mwenyewe hana shamba. Lakini wangapi kati yetu wamewahi kuchukua waya na kulitafuta lile tundu? Moyo wa ng'ombe uko kwenye kila bucha ya Kitale na Bungoma.

Jambo jingine umeliona kwa macho yako, ila labda hukulifikiria. Siku ya Idd ya kuchinja, mbuzi keshachinjwa, keshatulia kabisa. Anapasuliwa kifua, na moyo bado unapiga-piga. Watoto hupiga kelele kwamba hajafa. Amekufa. Ni kwamba moyo haungoji amri ya ubongo ili upige. Una seli zake zenyewe zinazoanzisha pigo, na zinaendelea kwa muda hata mwenye moyo akishaondoka.

Mwaka wa 1882 daktari mmoja wa London, Sidney Ringer, alikuwa akiutoa moyo wa chura na kuuweka ndani ya maji yenye chumvi, na ukawa unapiga tu. Baadaye akagundua kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yale maji safi ya maabara. Yalikuwa maji ya mfereji. Alipotumia yale safi, moyo ukasimama. Maji ya mfereji wa London yana kalsiamu, ile iliyomo kwenye chokaa na kwenye maziwa, na hiyo kalsiamu ndiyo inayoifanya kila seli ya misuli ya moyo ijikaze. Yaani kosa dogo la maji lilifungua mlango mkubwa wa elimu. Siku ukilazwa ukawekewa dripu, soma mfuko: huenda ukaliona jina la Ringer.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague moyo, nisichague kitu kingine.

Nina shangazi Bungoma. Ameuza samaki sokoni tangu mimi sijazaliwa, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye beseni lake. Alipimwa akaambiwa ana presha, akapewa vidonge vya asubuhi na jioni. Akavimeza miezi kadhaa. Ramadhan ilipoingia akaviacha. Hakumwuliza daktari, hakumwuliza sheikh. Alijipa fatwa mwenyewe: nimefunga, kidonge cha mchana kitaniharibia saumu, na tena sisikii chochote, mwili uko mwepesi kuliko miezi yote. Hilo la wepesi lilikuwa kweli. Sote tulikuwa tukimwona anatarawehe bila kukaa.

Usiku wa kumi na tisa, baada ya futari, alikuwa anaosha vyombo akaangusha sahani. Akainama kuiokota, mkono wa kulia ukakataa. Alhamdulillahi yuko hai. Anaswali amekaa, na maneno yake mengine ni mimi na binti yake tu tunaoyaelewa. Alipopelekwa kupigwa picha ya moyo, daktari alituonyesha kwenye kioo: ukuta wa chumba cha kushoto umenenepa kupita kiasi. "Huu haukuanza jana," alisema. "Umesukuma dhidi ya presha miaka mingi."

Basi nilikaa na ile picha kichwani. Kwa sababu kwa kazi yangu nilikuwa nimesoma habari za mnyama mmoja ambaye ukuta wake wa kushoto ni mnene vilevile, presha yake ni maradufu ya yetu, na anaishi nayo toka utoto hadi uzee bila kiharusi, bila moyo kuchoka, bila mafigo kuharibika. Mnyama huyo ni twiga. Kitu kilekile, ukuta mnene, kwa twiga ni afya na kwa shangazi yangu ni ugonjwa. Kwa nini? Swali hilo ndilo nililowapelekea vijana, na ndilo ninalokuletea wewe.

Usidhani nimekwenda mbali kutafuta mfano. Ukitoka Eldoret kuja Kitale unapita Soy. Leo utaona mahindi kulia na mahindi kushoto. Lakini twiga yule tuliyezoea kumwita wa Rothschild alipewa jina hilo na wataalamu mwaka wa 1903 kutokana na wanyama wa uwanda huu huu wa Uasin Gishu, mashariki ya Mlima Elgon. Hadi miaka ya 1970 kulikuwa na twiga kwenye ranchi ya Soy. Ardhi ilipoanza kugawanywa kwa wakulima, wakahamishwa. Wengine walipelekwa Nakuru, na twiga mtoto aitwaye Daisy akachukuliwa kulelewa Lang'ata, na hapo ndipo kilipochipuka kile Kituo cha Twiga ambacho watoto wa shule wanapelekwa kwa mabasi. Siku hizi wataalamu wanamhesabu pamoja na twiga wa Nubia. Kwa vyovyote, ni jirani yetu aliyehama.

Twiga dume aliyekomaa anaweza kufika mita 5 na zaidi. Kutoka moyoni hadi ubongoni ni kama mita 2 za kupanda juu. Maji hayapandi mlima bila kusukumwa, na damu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo presha ya twiga, ukiipima usawa wa moyo, kwa wastani ni kama 200, wakati ya binadamu mzima kwa wastani inakaribia 100. (Nasema wastani, si ile namba ya juu unayosomewa zahanati.)

Vitabu vya zamani vilisema twiga ana moyo mkubwa ajabu. Walipopima vizuri wakakuta sivyo. Moyo wake ni kama nusu ya asilimia moja ya uzito wake, sawa tu na wanyama wengine wanyonyeshao. Siri iko kwenye umbo. Ukuta wa kushoto ni mnene sana na uwazi wa ndani ni mwembamba.

Hapa yule fundi wa baiskeli akanisaidia bila kujua. Nilimwuliza: tairi gani linabeba presha kubwa zaidi, la trekta au la baiskeli ya mashindano? Akajibu papo hapo, la baiskeli, tena mbali sana. Sasa mbona halipasuki, nalo ni jembamba vile? Akasema, "Si kwa sababu tundu lake ni dogo." Ndiyo hiyo. Kadiri uwazi wa ndani unavyokuwa mdogo, ndivyo ukuta unavyovutwa kwa nguvu ndogo, hata presha ikiwa ileile. Watafiti wa Denmark walieleza mwaka wa 2016 kwamba moyo wa twiga uko hivyo: kila kipande cha msuli kinabeba mzigo wa kawaida tu, kwa sababu ukuta ni mnene na chumba ni kidogo. Bei yake ni kwamba kila pigo linatoa damu kidogo. Hakuna kitu cha bure.

Na miguu yake pia. Damu yote hiyo inakandamiza chini, lakini miguu haivimbi, kwa sababu ngozi na utando wa chini ya ngozi vimebana kama soksi ngumu. Haya yote ni umbo. Lakini umbo limeandikwa wapi?

Hapo ndipo tunaingia kwenye DNA, na hapo ndipo Kitale walianza kusinzia, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili, pamoja na seli ya msuli wa moyo, kuna maandishi marefu yenye herufi nne tu. Wataalamu wanaziita A, T, G na C. Ya twiga ni zaidi ya bilioni 2, ya binadamu ni kama bilioni 3. Kipande kimoja cha maandishi chenye maana yake tunakiita jeni. Jeni ni kama maelezo ya mapishi; protini ndiyo chakula chenyewe kinachopikwa. Ukibadilisha neno moja kwenye mapishi, pengine hakitatokea kitu, pengine chakula kitaharibika, na pengine kitakuwa kitamu kuliko mwanzo.

Kuyasoma maandishi hayo si kama kufungua kitabu. Hakuna mashine inayoanza herufi ya kwanza ikamaliza ya mwisho kwa mara moja. Chukua mfano huu. Una nakala mia za gazeti moja la Taifa Leo, la siku moja. Watoto wamezichana vipande vidogo-vidogo, kila nakala ikachanika mahali tofauti. Unaambiwa ulirudishe gazeti zima. Utafanyaje? Utatafuta kipande kinachoishia na maneno yanayoanzia kipande kingine, utavipandanisha, mstari kwa mstari. Kazi ya kusoma DNA ni hiyo. Mashine inasoma vipande kwa mamilioni, kompyuta inavipandanisha. Mimi nilichofundishwa mapema ni kwamba sehemu ngumu zaidi si mashine. Ni damu kufika maabara haijaharibika, barafu haijayeyuka, na jina kwenye chupa liwe la mnyama yule yule.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2016, maandishi ya twiga yalichapishwa kwa mara ya kwanza. Na ningependa ulisome jina la kwanza kwenye kazi ile: Morris Agaba, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Alishirikiana na Douglas Cavener wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Sampuli moja ilitoka kwa twiga wa Masai Mara, hapa kwetu. Wakayaweka maandishi ya twiga kando ya yale ya okapi, yule jamaa yake mfupi wa msitu wa Ituri, Congo, wakatazama wapi yanatofautiana. Walipata jeni kama 70 zenye dalili za kubadilika kwa namna ya pekee kwa twiga, na nyingi zinahusu mifupa, neva, na moyo na mishipa ya damu.

Mojawapo inaitwa FGFRL1. Sina jina la Kiswahili la kukupa, basi tuiite kwa herufi zake. Wewe unayo, mbuzi anayo, panya anayo. Lakini ya twiga ina mahali saba ambapo protini yake haifanani na ya mnyama mwingine yeyote anayecheua.

Kuona tofauti si kujua kazi yake. Ndiyo maana maabara haiishii kwenye kusoma. Mwaka wa 2021 watafiti wa China na Denmark waliyasoma upya maandishi ya twiga, safari hii wa Rothschild, jirani yetu yule wa Soy, kwa ukamilifu zaidi. Kisha wakachukua panya wa maabara wakahariri jeni yao ya FGFRL1 iwe kama ya twiga. Shingo za panya hazikurefuka, kama unajiuliza. Vijana wote wawili, wa Kitale na wa Bungoma, waliuliza hilo kwanza. Panya wale pamoja na panya wa kawaida wakapewa dawa ya kupandisha presha. Panya wa kawaida presha ikapanda, mioyo yao na mafigo yakaumia. Wale wenye jeni ya twiga presha yao haikupanda vile, na moyo na mafigo vikasalimika zaidi.

Hapa nakumbuka twiga mwingine. Mwaka wa 1415 Malindi walimpeleka twiga China kama zawadi kwa mfalme, na Wachina wakamshangaa kama kiumbe wa baraka. Karne sita baadaye wamemtazama tena, herufi kwa herufi.

Sasa turudi kwa shangazi. Misuli ya moyo wa binadamu ikisukuma dhidi ya presha kubwa mwaka baada ya mwaka, inanenepa kama ile ya twiga. Lakini hainenepi peke yake. Katikati ya msuli yanaingia makovu, nyuzi ngumu zisizojikaza wala kulegea. Ukuta unakuwa mgumu kama ngozi iliyokauka. Haulegei vizuri kupokea damu, unataka oksijeni nyingi kuliko inayofika, na mwishowe unachoka na chumba kinatanuka. Twiga amewekewa kinga ya kubeba presha ile. Sisi hatukuwekewa. Ukuta wa shangazi haukuwa nguvu, ulikuwa ni moyo unaolalamika, na hakuna aliyesikia kwa sababu haukulalamika kwa maumivu.

Bungoma dada mmoja alisimama akauliza, "Kwa nini Mwenyezi Mungu ampe twiga asitupe sisi?" Ni swali zuri na sikulikimbia. Nilimwambia twiga amepewa presha ile kwa sababu ana shingo ya kuipandisha damu. Sisi hatuna shingo hiyo, na presha ya kiasi chetu inatutosha. Kinga amepewa mwenye mzigo. Sisi mzigo huu tunajiongezea wenyewe, kwa chumvi, kwa uzito, kwa kukaa; na wengine wameurithi toka kwa wazazi bila kosa lolote. Kisha tukapewa kitu ambacho twiga hana: akili ya kutengeneza kidonge.

Mwingine akauliza kama siku moja tutabadilishiwa jeni tuwe kama twiga. Kwa sasa hakuna dawa iliyotoka kwenye jeni ile. Panya si mtu, na jeni moja si moyo mzima. Kuhariri maandishi ya binadamu kuna masuala ya sharia na ya usalama ambayo maulamaa na madaktari wanayajadili, nami si mahali pangu. Ninachojua ni kwamba vidonge vya presha viko tayari, vingine bei yake ni ndogo, na vinafanya kazi.

Najua pia kuna ndugu ambao wakisikia DNA wanakunja uso, wanaogopa unawaletea habari za nyani. Mmoja aliniambia hivyo Kitale, kwa adabu. Nilimjibu kwamba herufi zinasomwa vilevile na anayeamini na asiyeamini, na kwamba Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika vitabu vizima kuhusu wanyama. Wakati wake watu walisema twiga ni mchanganyiko wa ngamia, ng'ombe na fisi. Yeye hakuikubali hadithi hiyo. Kijana mwingine akataka kujua kama twiga ni halali kuliwa. Wanazuoni wa Kishafii walikhitilafiana, Imam Nawawi akiwa upande wa kukataza. Lakini Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka wa 1977, kwa hiyo kabla hujafika kwa mufti utakuwa umeshafika kwa hakimu.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Namba ya kukumbuka ni 140 kwa 90. Ukipimwa mara zaidi ya moja, siku tofauti, umetulia, na bado uko hapo au juu yake, basi ni presha. Usisubiri kichwa kiume.

Na kuhusu mwezi huu mtukufu. Kama wewe au mzazi wako anameza dawa za presha, nendeni kwa daktari kabla mwezi haujaandama, na kama umeshaandama nendeni kesho. Dawa nyingi zinaweza kupangwa upya zikamezwa daku na futari, na zipo za kumeza mara moja tu kwa siku. Zile za kukojosha zinahitaji uangalifu zaidi kwa mtu aliyefunga kwenye jua. Kama daktari amesema usifunge, ruhusa ya mgonjwa unaijua, imo kwenye Kitabu, na fidia imeelezwa. Mwambie mama yako hivyo, kwa upole, maana wazee wetu wanaona kula mchana ni aibu kuliko kuanguka. Usimwambie mbele ya watu. Mimi sikumwambia shangazi yangu kabisa. Nilikuwa najua habari za moyo wa twiga, na sikujua kwamba vidonge vyake vimekaa juu ya kabati siku kumi na tisa.

Kitale, baada ya maneno, tuliweka mashine ya kupimia presha juu ya meza, kando ya karai. Wazee wachache walijipanga. Yule fundi wa baiskeli, kijana wa miaka ishirini na kitu, akakaa kwa mzaha tu ili wenzake wacheke. Mashine ikasoma 164 kwa 102. Tukamwambia apumzike, atulie, tukampima tena baada ya swala ya Alasiri, mkono mwingine. Ikawa ileile. Alitazama mkono wake, akatazama lile tofali kwenye karai, akasema, "Na mimi sisikii kitu."

Nilimwandikia karatasi ya kwenda nayo zahanati. Wiki mbili baadaye nilipata ujumbe kwenye simu, wa maneno machache: "Nimepimwa tena mara tatu. Nimeanza dawa. Daktari kasema ya mara moja, nitakuwa nikiimeza daku."